Nilimwachia mama mkwe penalti, sasa hataki kuniona

Maman Constance, salamu na heshima. Nakuomba unisaidie haraka, maana tangu Jumapili hata mchezo ninaoupenda siwezi kuugusa. Mimi ni kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari, sinywi, sigombani na watu, na kasoro yangu ambayo mchumba wangu Chancelle aliijua tangu mwanzo ni kwamba napenda PlayStation, na siyo kupenda tu, nina maoni yangu, na pale kwenye salle de jeu, ukumbi wa kuchezea wa rafiki yangu Guylain, chini ya soko, watu wakibishana mchezo upi ni mzuri wananisubiri mimi nifike ndipo wajue ukweli.

Maoni yenyewe nakuandikia hapa ili uelewe jinsi nilivyoanguka. Mchezo wa mpira ndio mfalme, hakuna mwingine, kwa sababu unamwonyesha mtu alivyo: mwenye choyo hatoi pasi, mwoga anarudisha mpira kwa kipa, mwenye kiburi anataka kuwapiga chenga wote mpaka anapokonywa. Mchezo wa magari ni wa watu wanaopenda kuzunguka bila kufika. Ule wa kupigana ngumi ni kelele, mtu anayebonyeza ovyo anamshinda mwenye akili, na ile michezo mirefu ya kutembea msituni ukitafuta upanga, ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme haukatiki, kwa sababu hapa kwetu ukikaribia tu kuushika huo upanga, giza. Haya nimeyasema mbele za watu, nimenuniana na Guylain kwa ajili yake, na sikuwahi kubadilisha hata neno.

Basi Jumapili baada ya misa nilikwenda Nyalukemba kujitambulisha kwa wazazi wa Chancelle, nikiwa na tonton wangu Philémon wa Bagira, ndugu wa baba, yeye ndiye wa kunisemea kwa sababu baba yangu ni marehemu, na njiani tonton akanikumbusha yale ninayoyajua tangu utotoni, kwamba mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hapazi sauti, hampingi. Nikasema sawa, tonton. Papa Lucien, baba yake Chancelle, mtu wa chuo kikuu, mpole, akatupokea, tukaketi sebuleni, nami nikainamisha macho kwenye zulia kama inavyopaswa, mara nikasikia kutoka chumba cha pili mlio ninaoujua kuliko mlio wa simu yangu, filimbi ya refa wa mchezo wa mpira, kisha sauti ya mwanamke ikapiga kelele, "Toka mbele! Toka! Eh, huyu beki iko analala!"

Nilidhani ni mdogo wake Chancelle. Mlango ukafunguka, akatoka Maman Monique mwenyewe, mama mzazi wa Chancelle, mama ninayemwona kanisani akiongoza kwaya, ambaye akigeuka tu kuangalia nyuma watu wa sauti ya nne wanaacha kutafuna, amejifunga kitenge cha sherehe na ana manette ya kuchezea PlayStation mkononi. Maman Constance, nilishtuka hadi nikasahau kwamba sitakiwi kumtazama. Nilimtazama wazi wazi, mdomo umeachama, mpaka tonton Philémon akanikanyaga mguu.

Akatusalimia vizuri, kisha akaeleza bila aibu yoyote. "Zile siku tulikuwa tunajifungia mu nyumba, hakuna kazi, hakuna kutoka, njo nilianza kucheza na batoto. Bo baliacha. Miye sikuacha." Halafu akanigeukia. "Chancelle anasema na wewe uko joueur, unacheza sana. Sema basi, ni muchezo gani njo muzuri?"

"Yote iko muzuri, maman," nikaliambia zulia.

"Yote haiwezi kuwa muzuri. Miye naona ile ya mupira balishaiharibu. Kila mwaka ni ile ile, banabadirisha tu majezi. Ile ya magari njo muchezo ya kweli, juu inaomba uvumilivu."

"Ni kweli kabisa, maman."

Mimi huyo! Guylain angenisikia angenifungia mlango. Lakini ningefanya nini, nimpinge mama mkwe kabla hata hatujanywa chai? Naye akasema, "Kuja tucheze ile ya mupira basi, nione kichwa yako iko namna gani," na Papa Lucien akacheka akaniambia hapa nyumbani hakuna anayemkataa. Maman Monique alipokwenda kuleta manette ya pili, tonton akaninong'oneza sikioni, "Sikia, mukwe hashindake mama mukwe. Ata ku mbio, ata ku karata. Ukimushinda leo, umemuvua kitenge mbele ya bwana yake."

Tukaanza. Anacheza vizuri yule mama, nasema kweli, anatoa pasi, ana subira, na mimi kabla sijakumbuka maneno ya tonton vidole vyenyewe vilishafunga goli. Tonton akakohoa. Hapo nikaanza kumfungulia njia, nikamtoa kipa wangu golini akatembee huko katikati, Maman Monique akasawazisha, halafu kwa bahati mbaya beki wake akaniangusha nikapewa penalti ambayo sikuiomba, basi nikaupiga mpira juu angani.

Hakushangilia. Alisimamisha mchezo, akarudisha picha polepole mbele ya wote, kwanza ile penalti, kisha lile goli lake na kipa wangu akizurura.

"Huyu kipa alienda wapi? Alienda soko?"

Nikarudisha macho kwenye zulia.

"Mwanzo ulicheza sawa mutu. Kisha ukaniachia. Uliniona miye niko mutoto?"

"Hapana, maman, ni heshima."

"Heshima? Mutu mwenye ananidanganya mu muchezo, mbele ya macho yangu, juu ya kitu ya bule, siku ya kitu ya kweli atamudanganya mutoto yangu namna gani?"

Akaweka manette mezani, akaenda jikoni, hakurudi tena mpaka tukaondoka. Papa Lucien, aliyekuwa akicheka tangu tulipoingia, naye akaacha kucheka.

Kesho yake Chancelle alinipigia simu akasema mama yake amekataa kupokea wajumbe wetu wa mahari mpaka ajue mimi ni mtu gani hasa. Hilo ningelivumilia, lakini akaniuliza tena kwa sauti ndogo, "Na sombe yangu ile ulikula ukasema iko tamu sana, ilikuwa kweli, ao na ile uliniachia?" Maman Constance, majani yale ya muhogo yalikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilinyamaza kidogo tu, lakini Chancelle aliusikia ule ukimya, akakata simu, na tangu hapo akipokea anajibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu wa ofisini.

Sasa tonton Philémon anasema mimi sikukosa, desturi imeheshimiwa, tupeleke mbuzi mambo yaishe. Guylain naye anasema nirudi nimfunge yule mama saba kwa sifuri ajue mimi ni nani. Nikimshinda nimevunja heshima, nikishindwa mimi ni mwongo, na Chancelle nampenda, siwezi kumwazia mwingine. Nifanye nini?

Mkwe Aliyeshtuka, Kadutu

*

Mwanangu wa Kadutu,

Barua yako nilianza kuisoma nimeketi, nilipofika kwenye penalti nikajikuta nimesimama. Majina yenu nimeyabadilisha, ingawa najua kazi bure, Nyalukemba hakuna kwaya mbili zinazoongozwa na mama mwenye manette.

Pole kwanza. Kwenda kuposa bila baba si jambo jepesi, na kijana aliyeshikwa na hofu hushika ushauri wowote unaopita karibu na sikio lake. Wako ulitoka kwa tonton Philémon, nami nikwambie wazi, ile sheria ya mbio na karata aliitunga palepale juu ya kiti. Desturi ya wakwe naijua, nina wakwe wangu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikitafuna mfupa. Tunainamisha macho ili kila mmoja abaki na heshima yake. Wewe uliyainamisha vizuri sana, kisha ukamvunjia mama wa watu heshima kwa vidole.

Halafu unashtuka! Unashtuka kwamba mama wa kanisa anajua mpira wa kwenye televisheni. Mimi nimeshtuka kwamba mwalimu wa hesabu anaweza kuandika ukurasa mzima asiuone mwenyewe. Ni wewe uliyesema mchezo wa mpira unamwonyesha mtu alivyo. Mwenye choyo umemtaja, mwoga umemtaja, mwenye kiburi umemtaja. Na yule anayemtoa kipa makusudi golini huku anatabasamu, huyo ulimwandika wapi? Maman Monique anakubaliana na wewe kuliko mtu yeyote katika Bukavu hii. Alitaka kuona kichwa chako, ukamwonyesha cha tonton.

Naye kama ananisoma, nina neno. Mama, kumtia mgeni manette mkononi siku ya kujitambulisha, chai bado haijamiminwa, huo ni mtego. Mtoto wa watu alikuja kuomba mke, hakuja kwenye fainali. Mpe nafasi nyingine.

Sasa nisikilize, na usinijibu "ni kweli kabisa, maman."

Mbuzi aachwe ale majani yake. Ukimpeleka leo atakuwa penalti nyingine, kitu unachotoa ili usiseme neno. Na saba kwa sifuri ya Guylain iache hukohuko chini ya soko. Mtu anayemshinda mama mkwe ili kumkomesha hana tofauti na anayemwachia, wote wawili hawachezi naye, wanacheza na hofu yao.

Anza na Chancelle, kwa sababu mke ni yeye. Usitumie simu. Panda mpaka kwao au mkutane njiani akitoka kazini, umwambie usoni, yeye ruhusa unayo ya kumtazama, kwamba sombe ilikuwa na chumvi nyingi na wewe uliogopa kumuumiza. Atakasirika. Mwache akasirike, usikimbilie kumsifia nywele. Akishamaliza mwambie kile unachokipenda kweli, na kiwe kweli. Bora anune leo kwa ajili ya chumvi, kuliko kila ukimwambia "nakupenda" aanze kujiuliza kipa yuko wapi.

Kisha mpigie Papa Lucien, mwombe akufungulie mlango tena. Tonton aje, maana ndiye mzee wako na hatumtupi mtu, ila akikohoa mpeni maji. Ukifika, macho chini, sauti ya heshima, umwambie Maman Monique kwamba Jumapili ulimdanganya mara mbili, kwenye mpira na kwenye magari. Ndiyo, na yale magari! Mwambie unaona ni kuzunguka bila kufika. Atakubishia, na wewe umjibu, taratibu, kwa sababu zako. Hivyo ndivyo mama anavyojua kwamba kuna mtu nyumbani mwake.

Halafu omba mrudiane. Unaogopa desturi? Mweke Papa Lucien akae katikati, atafurahi, nawe utazame televisheni na Maman Monique atazame televisheni. Mimi manette sijui inashikwa upande gani, lakini nimefikiri na sijaona mahali pengine ambapo mkwe na mama mkwe wanaweza kukaa muda mrefu hivyo bila kukutanisha macho. Wazee wangeijua mashine hii wangeibariki.

Ucheze kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kipa akae golini kwake. Ukishinda, simama, inama, shukuru, usishangilie. Na kama umecheza kwa nguvu zako zote, vidole vyote, akili yote, na yule mama bado akakufunga, basi nakusihi, mwanangu, usije ukasema popote kwamba ulimwachia.

Maman Constance