Yule Mwanamke wa Mbele

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kamaliza picha. Kaitundika kwenye chumba changu cha kushonea ikauke. Watu wanavuta mkokoteni, tope hadi magotini, mbingu nyeusi ti. Wa mbele ni mwanamke wa kilemba cha kijani, kamba begani, mdomo wazi. Huyo ni mimi! Kilemba ni changu. Nyuma yake msichana mwenye mkufu — mwanangu mwenyewe. Nimemwonyesha kila mteja. Muuza maziwa anauliza mbona wote wamenuna. Mapambano si harusi, nikamwambia, mimina maziwa uende.

Ijumaa, 7 Machi
Maonyesho ya picha. Nilikwenda na wifi yangu. Kilemba nilikivaa makusudi, watu wanijue. Mwalimu wake wa sanaa akaeleza: tope ni umaskini, mbingu ni hofu. Sawa. Halafu akanyoosha kidole shingoni kwa msichana. Si mkufu. Ni kamba. Inatoka begani kwangu, inamzunguka yeye shingo, ndipo inafika kwenye mkokoteni. Kila nikivuta, namkaba. Watu wakageuka kunitazama, mimi na kilemba changu.

Jumamosi, 8 Machi
Sijasema na binti yangu. Wifi kanipitia asubuhi: si ulisema ni wewe? Kacheka hadi kashika mlango. Gauni la mteja nimelishona mkono kinyume. Hasira tu. Nimemlea peke yangu, vidole vimeota sugu, ili awe muuguzi. Muuguzi — si mpaka rangi.

Jumapili, 9 Machi
Picha imerudi. Nikamwambia, ifute hiyo kamba. Hafuti. Nikamuuliza, nimekukaba lini? Kanijibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Mama, kuvuta umevuta, umetuvuta sote. Lakini uuguzi uliniandikisha wewe, hukuniuliza. Kesho chuoni siendi."

Nikamwambia shukrani ya punda ni mateke. Kachovya brashi kwenye rangi ya tope, kanitia mkononi. "Futa wewe, mama." Kisha kaketi kwenye cherehani yangu, kanipa mgongo.

Bado ameketi. Nimeisogelea picha, nimerudi, nimesogea tena. Nimeweka brashi chini niandike haya. Maana nimeona kitu kinachozidi kunichemsha: nikiifuta pale shingoni kwake, kamba yangu haishiki mkokoteni tena. Yule mwanamke anabaki matopeni, mdomo wazi, anavuta hewa.

Na rangi inaanza kukauka.