Chumvi ya Majivu

Jumatano, 4 Mei 1983

Mwezi ya pili bila chumvi. Docteur alisema figo yangu imechoka, basi chumvi – hapana. Sombe ya muke wangu Fatouma, majani ya muhogo bila chumvi, iko sawa na kutafuna karatasi. Namuambia kila siku. Anainama, anakoroga tu.

Lakini niko na siri kwa mufuko ya koti. Jirani Alfani alirudi Opala mwezi jana na chumvi ya majivu, ile ya kuchoma majani ya mutoni. Anasema docteur alikataza chumvi ya wazungu, ya bankambo, wazee wetu wa zamani, hakuitaja. Tena si Chama yenyewe, ile inayotawala inchi, inatuambia turudie ya bankambo? Mutu wa akili, Alfani. Fatouma akigeuka, natia kidogo.

Ijumaa, 6 Mei

Kwenda sala, miguu mizito. Moyo unapiga mbili, unaruka ya tatu. Uzee.

Jumapili, 8 Mei

Mutoto wangu Safi alikuja kutoka faculté. Mwaka ya ine ya médecine – anajua yote isipokuwa kunyamaza. Alinipa somo: figo inatengeneza enzyme, jina yake rénine. Rénine inaamsha wengine, na mwishoni amri inarudi kwa figo yenyewe: toa madini ya potassium na mukojo. Figo yangu imekuwa muvivu, rénine inatoka haba, donc potassium inabaki kwa damu. Ikizidi, moyo unasimama.

Bon. Nikauliza, kama mutu asiye na neno, potassium inatoka wapi. Ndizi, akasema, sombe – na kupita yote, chumvi ya majivu, ile iko potassium tupu!

Nilicheka sana. Mukono ulikuwa unashika mufuko.

Jumatatu, 9 Mei

Nimeungama. Asubuhi kikombe ilinianguka mukononi, Safi akanishika mapigo, uso ukamugeuka. Nikatoa chumvi. Akauliza, kiasi gani kwa siku? Nikasema vidole viwili tu. Na kule jikoni, sauti ya Fatouma: naye vidole viwili – kwa kila chungu! Alinunua kwa Alfani yule yule, wiki ile ile, kwa kunihurumia.

Mwezi muzima namusimanga juu ya chakula, kumbe chumvi ilikuwamo!

Safi amekimbia kutafuta gari. Fatouma iko analia jikoni, hataki kutoka. Nataka kwenda kumuambia sombe yake ilikuwa tamu. Miguu inakatala.