Ruta Niliyoifungia Sandukuni

Chumba namba 9, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya ofisi ya posta.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako, ambazo safari hii zinakujia kwa karatasi. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi hii? Na shemeji yangu, bado anakohoa kila akicheka? Mimi mzima. Presha imetulia, macho bado yanasoma maandishi madogo, na ngazi za jengo letu nazipanda kwa kupumzika mara mbili, kama mwaka jana. Kwa hiyo usianze kuhangaika. Barua hii si ya ugonjwa, ni ya aibu.

Nimepata ujumbe wako kwamba upasuaji wa Dada Mkubwa ulikwenda salama na uvimbe wa kooni umetolewa wote, ila sauti haijarudi na madaktari hawaahidi kitu. Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikausoma tena. Umesema pia kwamba huko wote mnaamini nilikata simu kwa hasira Jumapili ile kabla hajalazwa. Sikukata. Lakini ukweli wenyewe haunipi heshima zaidi, na nimeamua kuuandika kwa sababu nikiona uso wako kwenye kompyuta nitaanza kuupunguza.

Unajua nilivyo na vitu vyangu. Wewe ulikuwa mgongoni tulipoikimbia nyumba yetu, hukumbuki. Siku ya tatu nilirudi peke yangu nikakuta mlango umelala uani na rafu ya vitabu vya Baba haina hata karatasi. Tangu hapo sijaacha kitu cha maana mahali pa wazi. Vyeti, picha, redio, hata dawa zangu, vyote hukaa ndani ya lile sanduku kubwa la bati, na ufunguo huning'inia shingoni. Marehemu mke wangu alikuwa akiniuliza kama na yeye nitamtia humo siku moja.

Basi, miezi miwili iliyopita niliunganishiwa intaneti ili niweze kuwaona. Fundi wa kampuni aliweka ruta, kile kijisanduku chenye taa kinachorusha mtandao, juu ya rafu karibu na dirisha, akanisihi nisikihamishe. Alipoteremka tu, nilitoboa tundu nyuma ya sanduku, nikapitisha waya, nikakiweka ndani juu ya vyeti na kufunga kufuli. Nililala usingizi mzuri.

Kuanzia siku hiyo mtandao ukawa wa kuvizia. Maandishi yalifika, nyuso zilikwama. Niliizima kompyuta mpakato na kuiwasha, nikafuta programu nisizozijua, nikaihamishia kitandani, dirishani, hata juu ya kabati, nikawa nasoma barua pepe nimesimama kwenye kiti. Nilipiga simu kwa kampuni. Karani alinielekeza nichomoe ruta ukutani, nihesabu hadi thelathini, nichomeke tena. Nikafanya. Akaniuliza imekaa wapi. Nikamjibu kwamba imekaa mahali salama. Maskini, aliridhika.

Nikabaki na wazo moja tu kichwani: naibiwa. Chini yangu, ghorofa ya pili, alikuwa amehamia mama mmoja mshonaji, mgeni hapa, na shida yangu ilianza karibu na kuja kwake. Nilibadilisha nenosiri mara nne. La mwisho lilikuwa refu hata nikaliandika kwenye kalenda nisije nikajifungia nje mwenyewe. Hali haikubadilika.

Sasa nifike Jumapili ile. Dada alitaka kuniona kabla ya kisu, si kunisikia tu. Binti yako, muuguzi wetu, alimshikia simu. Picha ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Iliporudi mara ya tatu, nilimwona Dada vizuri kabisa, kitambaa chake cha buluu kichwani, na akaanza kusema, "Siku ile tulipoondoka, mimi ndiye nili..." Uso ukaganda mdomo ukiwa wazi.

Mtandao ulirudi, Kitinda. Hilo hukulijua, kwa kuwa ulikuwa umetoka kutafuta gari. Tulipata kama dakika nne zisizo na kasoro. Na mimi nilizimaliza kwa kumfokea mwanao kwamba hajui kushika simu, kwamba mtandao wenu huko ni wa ovyo, kwamba angesogea dirishani. Dada alikuwa akinitazama wakati wote huo. Sikumwomba aendelee. Kisha ikakatika moja kwa moja, na nilipofanikiwa kupiga kwa simu ya kawaida, alikuwa ameshaingizwa wodini. Mwombee kaka yako msamaha kwa huyo binti. Nitamwandikia na yeye.

Kesho yake nikakutana na mshonaji kwenye ngazi, kinyozi wa chini naye akipanda nyuma yake. Nilimwambia mbele ya mtu aache kuniibia intaneti. Alinishangaa, akasema, "Mzee, mimi nina cherehani. Cherehani itafute nini kwenye intaneti?"

Kinyozi akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha. Nikasema, "Mmekuja juzi tu, msituletee tabia za huko mlikotoka."

Naandika maneno hayo kama yalivyonitoka. Dada Mkubwa anamkumbuka aliyetuambia sisi maneno hayo hayo, kwenye mlango wa chumba cha kwanza tulichopanga katika nchi ya watu.

Siku ya Jumatano mshonaji aligonga mlango wangu. Alikuja na mteja wake, mama mmoja fundi wa kompyuta, kwa sababu hakuwa tayari kuitwa mwizi kwenye jengo analokaa na watoto wake. Yeye mwenyewe alibaki kizingitini, mikono kifuani. Fundi hakugusa hata kompyuta. Aliuliza ruta iko wapi. Nikavua ufunguo shingoni.

Alifungua mfuniko wa sanduku, mistari ya mtandao kwenye kompyuta ikajaa. Akaufunga, ukabaki mmoja. Akafungua, akafunga. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba bati huzuia mawimbi. Halafu akasema, "Mzee, hii umeitia jela, halafu unalalamika haiji kukusalimia." Yeye alicheka. Mshonaji hakucheka. Alishuka zake bila kuaga, na nilisikia kila hatua.

Ilinichukua siku nzima kupiga moyo konde na kushuka. Nilimkuta akipima upindo wa sketi, pini mdomoni. Nilimwambia nilimsingizia wizi, na kwamba maneno yale mengine yalikuwa mabaya kuliko wizi wenyewe. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akajibu. "Nimeshaambiwa hayo mara nyingi, Mzee. Ila sikutegemea kuyasikia kwa mtu mwenye lafudhi kama yako."

Miaka arobaini nimedhani lafudhi yangu imekwisha. Akaniambia amenisikia, na niurudishe mlango nikitoka kwa sababu vitambaa vinapeperuka. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Tukikutana kwenye ngazi namsalimia, naye huitikia sawasawa, wala haongezi neno. Kinyozi nimemweleza makosa yangu pia, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo.

Ruta nimeirudisha rafuni, karibu na dirisha. Sasa nina ombi. Jumapili ya tarehe 26 saa kumi alasiri ya huko kwenu nitapiga. Mkalishe Dada vizuri, asijilazimishe kutoa sauti. Mpe daftari na kalamu ya wino mzito. Akitaka kumaliza sentensi yake, aiandike na kuielekeza kwenye kamera. Asipotaka, usimsukume. Nafasi nilipewa nikaichezea, na sina haki ya kudai nyingine. Nitakaa tu nimtazame mpaka atakapochoka.

Habari za mshonaji usimwambie Dada. Mpe tu salamu zangu, pamoja na shemeji, na muuguzi wetu, na Shangazi Mrefu ukimwona. Mungu awafunike nyote, na koo la Dada lipone bila maumivu. Yale niliyoyatamka kwenye ngazi nitamwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, na safari hii sitakuwa na mtandao wa kusingizia.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa kuinamisha kichwa,

Kaka yako,
Mzee Kufuli