Lebo Ambazo Mama Peres Ajwang Hakuzichapa

Mama, mwaka umetimia tangu Jumanne ile, tarehe 10 Machi 1998, ulipojilaza kidogo kabla ya chai hapa nyumbani Riruta, ukatutoka.

Kwa miaka kumi na tisa uliwakatia watu vitambaa dukani kwa Bi. Vimla, Biashara Street. Vipande vilivyobaki alikuachia, nawe ukaviunga kuwa mablanketi ya viraka. Hukuuza hata moja. Mtoto akizaliwa, jirani akiugua, ulifika na blanketi kwapani ukasema tu, "Shikeni, kuna baridi."

Binti yako Caren aliponunua kompyuta kuukuu ya ofisini kwao pamoja na printa yake, wewe ndiwe uliyeipenda kuliko sote. Ulijifunza kuchapa kwa kidole kimoja, miwani puani. Ulibandika kitambaa cheupe kwenye karatasi ngumu kwa selotepu, ukakipitisha kwenye printa, kisha ukashona lebo pembeni mwa blanketi. "Kwa Nzembi, aliyezaliwa siku ya mvua." "Kwa Nthiwa, jirani asiyeniacha nile peke yangu." Wino ulipofifia kwa kufuliwa, ulizifuata herufi kwa sindano na uzi mwekundu. Siku ya kwanza kuona jina lako limechapwa ulicheka: "Hata mimi nimeandikwa!"

Halafu selotepu ikabanduka, kitambaa kikakwama ndani ya printa. Caren alikuwa na insha ya chuo ya kupeleka kesho yake.

"Mama, hii si cherehani!" alikufokea. "Nani alikuambia uiguse? Sasa insha nitaichapa wapi?"

"Pole, mwanangu. Sikujua itashika."

Uliifunika kompyuta, ukaenda jikoni kukata sukuma. Printa ilitengenezwa asubuhi yake, insha ikapelekwa. Caren alingoja urudi kwenye kiti cha mbele ya kompyuta. Hukurudi, naye hakukuita. Sisi wengine pia tulinyamaza. Tulidhani siku bado ziko nyingi. Mablanketi tisa uliyoshona baada ya hapo yalitoka bila neno lolote, pamoja na lile la harusi ya Caren, la buluu na manjano.

Tangu uondoke, watu wamekuwa wakija nayo mlangoni. "Mtuandikie jina lake," wanasema. Tumechapa lebo nane: jina lako, mwaka, Riruta. Ya tisa, ya blanketi lake la harusi, imemshinda Caren. Jumapili nyingi amekaa mbele ya kompyuta, kitambaa kikiwa tayari. Jina lake anaweza kuliandika, na lako pia. Maneno ya katikati uliyajua wewe peke yako, na hakukupa nafasi ya kuyasema.

Anakuomba msamaha, Mama, mbele ya wote wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu.

Wanaokukumbuka kila siku ni mumeo Zadock Were, wanao Caren, Annah na Sifuna, wajukuu wako, Bi. Vimla, na jirani yako Nthiwa. Maadamu tuko hai, hatutakusahau.