Gari ya Paluku Iliondoka Kimya

Mdogo wangu Kasereka,

Hapa mtaani Mususa tunakusalimu sote. Kifua cha mama kimepata nafuu, mvua imeozesha maharage, na mimi tangu nimalize shule nashinda naye nyumbani.

Uliuliza kama kweli tumeuza gari ya marehemu kaka yetu Paluku. Ndiyo, ili uendelee kusoma huko Kampala. Ya kifo chake sitaandika.

Mnunuzi alitoka Beni. Aliipenda ile gari ya mbio ya Kijapani, jinsi Paluku alivyoishusha chini na kuifungia bomba kubwa la moshi. Lakini fundi alipoiwasha ikapiga paa! paa! kama risasi. Yule mtu akaruka nyuma.

"Lakini, mudogo yangu! Kwetu Beni ikilia hivi, batu batakimbia na batoto mugongoni. Hapana, murudishe bomba ya zamani."

Nilitaka kumwambia kwamba mama alikuwa akiisikia ikiwa bado mtaa wa Kimemi, ndipo anampashia Paluku sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Unanijua, nikaenda kumletea fundi bomba la zamani. Simchukii, naye anawaonea huruma watu wake.

Fundi akabadilisha, gari ikaondoka bila kelele. Mama alijifungia jikoni asiione. Baadaye sana akaniita.

"Masika, gari haiyaenda bado?"

"Ilishaenda, mama."

Akasema hakuisikia.

Lile bomba kubwa liko chini ya kitanda changu. Ukija likizo, Kasereka, anza kuita ukiwa bado njiani, ili mama akusikie.

Mimi yaya, dada yako mkubwa,
Masika