Mrija Uliokauka Saa ya Chai

Mpendwa Chebet,

Sisi wa Litein hatujambo. Goti la nyanya yako limepata nafuu, amerudi kuchuma majani chai.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa maabara anataka mloweshe ule mrija wenye unga wa kuchujia kwa methanoli, kisha maji, kabla ya kupitisha sampuli ya maji. Unga huo ndio unaonasa dawa ya shamba. Ukikauka, dawa hupita tu bila kunaswa.

Nilipokuwa kijana kazini maabara, tulipima maji ya kijito karibu na Boito, dawa ya magugu ilipomwagika. Nililowesha mrija, nikaenda chai ya saa nne. Niliporudi ulikuwa umekauka, nami nikapitisha sampuli hivyo hivyo. Dawa haikuonekana. Nikaandika: maji ni salama.

Mkubwa wangu, Mama Akinyi, akauliza, "Mrija ulikauka?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo tu! Basi leta kikombe, uyanywe wewe kwanza."

Nikarudia kipimo kwa mrija mpya na maji yaliyobaki kwenye chupa, bila kuondoka. Dawa ilikuwemo. Siku hiyo hiyo watu wakakatazwa kuchota.

Mjukuu wangu, nilikuwa nimeshatia sahihi kwamba maji ni salama.

Babu yako