Kiti Alicholalia Baba

Baba,

Chai iko kwa thamosi. Vile viti vitatu umemaliza kutengeneza, usimuuzie mtu yeyote!

Asubuhi umenifokea ati nimekuaibisha kwa intaneti, kuweka picha yako ukikoroma kwa kiti. ~~Nisamehe.~~ Siombi msamaha! Miezi miwili nimeweka picha za viti vitupu, vanishi inang'aa, na hakuna mtu ameuliza hata bei. Si mtu huogopa kununua kiti hajakikalia? Lakini jana, baada ya hiyo picha yako, watu watatu wa Kitale wameandika: “Tunataka kama hicho mzee amelalia.” Nimekimbia saiba ya intaneti hapa Kanduyi kuwajibu.

Kesho ni zamu ya picha ya benchi. Kwa hivyo leo fanya kazi, uchoke kabisa.

Binti yako,
Nasike